Frasila Moja ya Divai

Kharumwa sijawahi kuuona mzabibu. Kuna pamba, kuna mpunga kwenye mbuga, kuna viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani vikawa michembe, kuna ng'ombe, na chini ya vyote hivyo kuna mawe ambayo watu huyafuata mchana na usiku. Kwa hiyo binamu yangu aliponipigia simu kuniambia kwamba nyumbani kwake, hapo hapo makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, ana chupa ya divai nyekundu ya Kifaransa ya mwaka 2005, nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wa kazi za migodini alikuwa akigawa vitu vyake kabla ya kuondoka: huyu feni, yule godoro, binamu yangu chupa. Alimwachia agizo moja tu. Usiinywe sasa, iache izeeke.

Akaiacha izeeke. Aliisimamisha juu ya kabati la nguo, shubiri mbili chini ya bati, nyumba haina dari, na hapo ikakaa miaka sita. Anayelijua bati la Kharumwa saa nane mchana, mwezi wa tisa, mvua bado haijanyesha, anajua maana ya kukaa pale.

Tuliifungua Desemba, ukoo umekusanyika. Kizibo kilikatika katikati na nusu yake ikatumbukia ndani, tukalazimika kuichuja kwa kichujio cha chai. Lebo ilikuwa na picha ya jumba na neno Médoc. Nilitarajia wekundu wa damu. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya jana. Glasi zilikuwa mbili, wengine tukapewa vikombe vya bati. Guku, yaani babu, alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Ujanani alitengeneza wanzuki, pombe ya asali, na watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuifuata. Alinusa, akaonja, akaizungusha mdomoni, akanyamaza kidogo.

"Ng'wanawane," akaniambia, "hii imepikwa."

Nikamweleza kwa adabu kwamba divai haipikwi, guku, huchachuka tu yenyewe. Akanirudishia kikombe.

"Basi imepikwa na bati."

Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa amesema sawasawa na wanavyosema wenye mali. Mnunuzi wa Bordeaux akikuta chupa iliyokaa kwenye joto muda mrefu hutumia neno hilo hilo: imepikwa. Mzee ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya alitoa hukumu ya chumba cha kuonjea divai akiwa amekaa kigodani, na mimi niliyesoma ndiye niliyembishia. Aibu hiyo ndiyo iliyonituma kutafuta. Divai nyekundu ya Ufaransa iliingiaje katika nchi hii ya bara, nani aliibeba, na kwa nini ile iliyozeeka vizuri huthaminiwa kuliko dhahabu tunayoichimba?

Lugha yenyewe ina kumbukumbu. Tuna majina matatu ya kitu kimoja, na kila jina limeshuka na meli yake. Mvinyo ni neno la Wareno, nalo pwani liliwahi kumaanisha kileo chochote kikali. Waini ni la Waingereza, na siku hizi ndilo linalotawala kwenye kumbi za harusi. Divai ni la Wafaransa, linatokana na maneno yao ya kuomba "kiasi cha divai", na halikuingia kwa mlango wa baa. Liliingia kwa mlango wa kanisa. Muulize mama yeyote wa Kikatoliki huku Usukuma padre anainua nini altareni. Hatakwambia waini.

Mwaka wa kuanzia ni 1868. Mwaka huo mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa tayari Unguja, walifungua misheni Bagamoyo na kuwaweka hapo watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka huo huo, Algeria, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa kanzu zao watu wetu waliwaita Mapadre Weupe. Na mwaka huo huo, kusini mwa Ufaransa, mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake waling'oa mizabibu iliyokuwa inakufa bila sababu ya kuonekana, wakaitazama mizizi kwa kioo cha kukuzia, wakakuta wadudu wadogo wa rangi ya manjano wameigubika. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa ametoka Amerika pamoja na miche. Katika miaka iliyofuata aliteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Mambo hayo matatu hayakujuana, lakini yangekutana baadaye.

Mwanzoni mwa 1871 mwandishi wa gazeti la New York, Henry Morton Stanley, alikuwa Bagamoyo akikusanya wapagazi wa kumpeleka kumtafuta Livingstone. Mapadre wakamkaribisha mezani. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata anasimulia chakula hicho kwa mshangao wa mtu aliyetarajia ugali na samaki mkavu. Anataja shampeni ya Clicquot, anataja Lafite, anataja Larose, anataja divai za Burgundy na Bordeaux, na kuzisifu zote kuwa za daraja la kwanza. Stanley alikuwa mtu wa chumvi, na sidhani kama kila chakula cha misheni ile kilifanana na kile. Mgeni hupikiwa kuku hata kama wenyeji wanakula mlenda. Lakini hata ukiondoa nusu ya maneno yake, yanabaki ya kutosha: chupa za Lafite, mojawapo ya mashamba manne yaliyokuwa yamewekwa daraja la juu kabisa la Bordeaux mwaka 1855, zilikuwa zinafunguliwa mwisho wa barabara ya watumwa na pembe za ndovu.

Kuna jambo ambalo Stanley mwenyewe asingeweza kulijua. Divai aliyoinywa ilitoka kwenye mizabibu iliyosimama kwa mizizi yake yenyewe. Baada ya filoksera Wafaransa walishindwa kumuua yule mdudu, wakaamua kumzunguka: walichukua mizizi ya mizabibu ya Amerika, ambayo ilikuwa imemzoea, wakaipandikizia vikonyo vya mizabibu yao. Tangu hapo karibu kila chupa unayoiona ya Bordeaux, ile ya binamu yangu ikiwamo, imetoka kwenye mti wenye kichwa cha Kifaransa na miguu ya Kimarekani. Leo matajiri hutoa fedha nyingi kwa matone ya divai ya kabla ya mdudu. Bagamoyo mwaka 1871 ilinywewa na chakula cha jioni.

Stanley aliondoka na chupa ya shampeni kwenye mizigo. Ilivuka Ugogo, alikotozwa hongo kwa kila mtemi, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na huko yeye na Livingstone wakainywa kwa vikombe vya fedha. Sijui ni mpagazi gani aliyeibeba. Vitabu vya wasafiri havina desturi ya kutuambia. Lakini sehemu kubwa ya wapagazi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, wajomba na babu zetu, na kazi yao ina hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Mzigo ulipimwa kwa frasila, kama kilo 16. Mpagazi mwenye nguvu alibeba frasila mbili, zimefungwa mtumba au sanduku. Chupa ya divai ikijaa ina uzito wa kilo 1.3 hivi, kwa hiyo chupa kumi na mbili ni frasila moja, na mtu mmoja angebeba masanduku mawili: chupa ishirini na nne kutoka baharini hadi Unyanyembe, upande wa Tabora, mwendo wa miezi. Padre akitumia vijiko viwili vya divai kwa misa moja, chupa moja inampitisha wiki tatu na zaidi. Maana yake bega moja la Msukuma lilitosha kumbebea padre mmoja misa zake zote za mwaka, na za miezi kadhaa ya mwaka unaofuata. Safari nyingine huenda divai ilisafirishwa kwa vipipa au madumu ya kioo, lakini bega lilikuwa lile lile.

Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Marseille mwezi Aprili 1878. Padre Joachim Pascal, mmoja wao, alifia njiani kabla hata ya kuuona mji wa Tabora. Baadhi ya waliobaki walifika Kageye, kando ya ziwa upande wa Usukuma, siku ya mwisho kasoro moja ya mwaka huo. Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alivuka kwa mtumbwi pamoja na Bruda Amans na kufika kwa Kabaka Mutesa Februari 1879. Miaka mitatu baadaye hali Buganda ikawa mbaya, wakarudi kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, si mbali na Mwanza. Mwaka 1891 wakafungua Ushirombo, ambako leo ni mkoa huu huu wa Geita. Kutoka Ushirombo hadi Kharumwa mchunga ng'ombe anakwenda kwa siku zake chache, akinywesha mifugo njiani.

Kwa watu hao divai ilikuwa sharti. Sheria ya Kanisa ilitaka divai ya altare iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Wanzuki haikubaliki, rubisi haikubaliki, hata iwe nzuri namna gani. Na neno gumu katika sheria hiyo ni la mwisho: isiyoharibika. Chupa iliyokwenda miezi juani, ikavuka nyika ya Ugogo mgongoni mwa mtu, ikakaa ghalani chini ya nyasi, ingefika kama siki. Miaka ya 1890 Roma ililegeza kamba kidogo kwa ajili ya misheni za mbali: divai dhaifu iliruhusiwa kuongezewa kiroho, alimradi kiroho chenyewe kimetokana na zabibu na kilevi kisivuke asilimia 18. Ile divai tamu, nzito, ambayo watumishi wa altare wa vizazi vingi wanaikumbuka kwa sababu wanazozijua wenyewe, ina mizizi kwenye ruhusa hiyo.

Lavigerie mwenyewe alikuwa mtu wa mizabibu. Makao ya shirika lake, Maison-Carrée nje ya Algiers, yalizungukwa na mashamba ya zabibu ya mapadre. Filoksera alipoitandika Ufaransa, Algeria ilisaidia kuziba pengo, na meli zilivuka Mediterania zimejaa mapipa ya divai nyeusi ya jua kali, ambayo nyingine iliishia kuzipa nguvu divai dhaifu zenye majina makubwa. Novemba 12, 1890, akiwa mwenyeji wa maofisa wa jeshi la maji, Lavigerie aliinua glasi yake na kuwataka Wakatoliki wa Ufaransa waikubali Jamhuri. Wengi wa waliokuwapo walikuwa watu wa mfalme. Inasemwa ukumbi ulipigwa na ganzi. Historia ya Ufaransa inaliita tukio hilo kwa jina la glasi ile. Miezi michache baadaye vijana wake walikuwa wanachimba msingi Ushirombo.

Reli ikaja ikafuta mabega. Desemba 1901 reli ya Waingereza ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, na kutoka hapo stima zikashusha mizigo Mwanza. Tabora ilipata garimoshi lake 1912, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika 1928. Mtumba ukabaki kuwa neno la nguo kuukuu.

Sasa turudi kwenye kile alichokuwa anakitafuta guku mdomoni asikipate.

Divai nyingi duniani hazizeeki, huharibika tu. Zimetengenezwa zinywewe mwaka huo au unaofuata, kama wanzuki inavyonywewa ndani ya siku zake. Chache ndizo zenye kitu cha kuzeekea. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda na mbegu zake, na humo ndimo unamotoka ukakasi, ule ule unaokukunja ulimi ukila bibo au ndizi mbichi. Divai changa ya Médoc ina ukakasi wa kukufanya ukunje uso. Ikilazwa mahali penye giza na baridi isiyobadilika, nyuzi 12 au 13, chembe za ukakasi na za rangi hushikana polepole, hukua, huwa nzito, hatimaye huanguka chini ya chupa kama mashapo. Kinachobaki juu ni laini. Wekundu wa zambarau unageuka kuwa wa tofali. Harufu ya tunda inarudi nyuma, na mbele zinakuja harufu nyingine: ngozi iliyotengenezwa, uyoga, majani makavu, tumbaku kwenye ghala la Tabora, vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza. Chupa hulazwa ubavu ili divai iguse kizibo. Kizibo kikikauka husinyaa, hewa huingia. Tulivunja kanuni zote: ilisimama, ilipata mwanga wa dirisha, ilipata joto. Miaka sita juu ya kabati ni kama kumchukua mtoto wa darasa la kwanza ukampiga rungu la uzee.

Kabla ya chupa kuna pipa, na pipa ni la mwaloni. Hapa sisi wa kanda ya ziwa tunaanza kuchanganyikiwa. Mwaloni kwa mtu wa Kirumba ni pale dagaa wanaposhushwa. Kwa kijana wa Nyang'hwale mwalo ni pale mawe yaliyosagwa na karasha yanapooshwa ili dhahabu ibaki. Mwaloni wa Biblia, ule ambao Ibrahimu alikaa chini yake, ni mti, na mbao zake ndizo zinazoiachia divai ivute hewa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au miwili. Nilipomweleza binamu yangu kwamba divai nzuri inatoka mwaloni, alicheka: hata dhahabu.

Lakini ni kwenye mwalo wa Nyang'hwale ndipo nilipoelewa kinachowafanya Wafaransa wawe na wazimu wao.

Burgundy kuna shamba linaitwa Clos de Vougeot. Watawa wa Cîteaux walianza kulikusanya karne ya 12, kipande hiki zawadi, kile kwa kununua, wakalizungushia ukuta wa mawe ambao upo hadi leo. Ni kama hekta 50. Hadithi inasema walionja udongo. Kama walionja au hawakuonja, walifanya kitu kigumu zaidi: walikumbuka. Kizazi baada ya kizazi walilinganisha divai ya mteremko wa juu na ya bondeni, wakajua kwamba mwaka wa mvua nyingi bonde hulala na maji na juu hutiririsha, kwamba hatua ishirini kushoto divai inabadilika. Mapinduzi ya 1789 yaliwanyang'anya shamba likauzwa, warithi wakagawana na kugawana tena, na leo ndani ya ukuta ule ule kuna wamiliki karibu 80, wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Ukuta haukubomolewa na jina halikufutwa. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo vya ardhi vya Burgundy, kila kimoja na jina lake la kale, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Bordeaux walifanya vivyo hivyo kwa njia ya kibiashara zaidi. Kwa maonyesho makubwa ya Paris ya 1855 madalali waliyapanga mashamba kwa kufuata bei ambazo divai zake zilikuwa zikipata. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion yakawa juu. Tangu siku hiyo orodha imepata badiliko moja kubwa, Mouton Rothschild kupandishwa mwaka 1973. Mimi nina shaka na orodha ambayo karibu haijaguswa kwa miaka zaidi ya 150. Dalali hawi mtume. Hata hivyo siachi kuifikiria ninapokumbuka kwamba mzee wangu, bila kuhama nyumba, alikuwa mtu wa Mkoa wa Mwanza hadi 2012, akaamka siku moja yuko Mkoa wa Geita.

Jirani na Clos de Vougeot kuna kipande kingine, Romanée-Conti, hekta 1.8 tu. Uwanja wa mpira wa Kharumwa ukiongeza na mwingine kama huo unakaribia. Wenyewe walikataa kupandikiza mizizi ya Amerika. Kwa miongo mingi walimpiga filoksera kwa dawa waliyoidunga ardhini, mpaka vita vikawanyima dawa na watu. Mwaka 1945 mizabibu ile mizee ilitoa chupa 600 hivi, kisha ikang'olewa. Divai haikutoka tena hapo hadi mavuno ya 1952. Oktoba 2018 chupa moja ya mwaka ule wa 1945 ilipigwa mnada New York kwa dola 558,000. Nilikaa nikapiga hesabu kwa bei ya dhahabu ya mwezi huo: ni karibu kilo 14 za dhahabu safi. Frasila moja, pungufu kidogo.

Ukiwasimulia hayo vijana wa mwaloni hawashangai bei. Wanauliza hiyo chupa ilijulikanaje kuwa ni ya shamba lile. Na ni swali la wenye kazi. Mawe yanapotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, huingizwa kwenye viroba, na kila kiroba kina alama: hiki cha duara la fulani, kile cha wenye mgao. Alama hiyo inalindwa kwa macho usiku kucha, watu wamepigana kwa sababu yake. Kiroba kinafunguliwa, karasha linasaga, unga unaoshwa, zebaki inakusanya, moto unaunguza zebaki, na kinabaki kitonge cha manjano kwenye kiganja. Hapo jina limekwisha. Mnunuzi anauliza uzito na usafi. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa 2019 mambo yanaandikwa kuliko zamani, lakini dhahabu ikishayeyushwa na nyingine haina Nyang'hwale wala Nyarugusu. Hakuna mtu Dubai anayeiinua pete yake kwenye mwanga na kusema, hii ni ya duara la upande wa juu, mwaka wa mvua chache. Mfaransa analipwa kwa kuukataa moto huo. Hekta yake moja na kitu imekaa na jina lake muda mrefu mpaka jina limekuwa ndiyo mali.

Na zabibu zetu? Zipo, kule kule Ugogo ilikopita chupa ya Stanley. Mwaka 1957 mapadre Waitaliano walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, kwa ajili ya altare. Gereza la Isanga likapanda, wanavijiji wakapanda, Makutupora kukawa na kituo cha utafiti. Nchi kavu ya mchanga, ambayo wapagazi waliiogopa kwa kiu, ikawa ndiyo inayoifaa. Mzabibu wa Burgundy hulala wakati wa baridi. Wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima anaulaza kwa mkasi. Anaupogoa, anauachia ukame, kisha unaamka, na kwa namna hiyo unamzalia mara mbili kwa mwaka. Mfaransa angeuza shati ili apate mavuno mawili. Mgogo anayo, na mara nyingi hana pa kuyapeleka. Kiwanda cha serikali cha miaka ya 1980 kilikufa, na zabibu hazitungojei mimi na wewe tukubaliane bei. Siku chache zimeoza. Ndipo watu wakajifunza kuzikamua na kuhifadhi wanachokiita mchuzi wa zabibu, unaouzwa kwa malita kwa viwanda vikubwa. Mchuzi wa Mpunguzi unamwagwa tangi moja na wa Hombolo. Nikisikia hivyo nauona ule moto wa zebaki. Hata hivyo kuna watengenezaji wanaojaza chupa zao wenyewe na kuandika kijiji, na nimeonja moja nyekundu ya Makutupora, miaka mitatu kwenye chupa, iliyonifanya niweke glasi chini na kuiangalia tena.

Niliipeleka moja kama hiyo Kharumwa, safari hii nimeifunga kwa kitambaa kibichi kutoka Dodoma. Guku aliinusa kwanza, kama kawaida yake. Ukakasi ulimkunja uso, akameza, akangoja.

"Hii bado ni kijana," akasema. "Lakini haijapikwa." Akamalizia kikombe.

Chupa ya Médoc haikutupwa. Shangazi aliisugua kwa majivu na maji ya moto, lebo ikakataa kutoka, akaiacha. Mara ya mwisho nilipofika niliikuta kwenye rafu ya jikoni imejaa asali, jumba la Kifaransa limechubuka upande, 2005 bado inasomeka. Mtoto wa jirani aliyetumwa kununua kikombe cha asali aliitazama akauliza kama asali hiyo ni ya mwaka 2005.

"Hapana," guku akamjibu kutoka kigodani. "Ni ya juzi. Nyuki wake ni wa Izunya, kwenye ile mikwaju ya upande wa mlima."